UZI: Bustani ya Chatsworth, Uingereza – anzieni juu maji yanakotoka, msianzie kwenye jumba

MfuataMaji (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Kila mtu akiuliza habari za bustani za majumba ya kale ya Uingereza hupewa majina kumi na kuachwa hapo. Uzi huu ni wa bustani moja tu: Chatsworth, mkoa wa Derbyshire, ndani ya hifadhi ya Peak District. Ni makazi ya ukoo wa Cavendish, yaani ma-Duke wa Devonshire, na ukoo huo umekuwepo pale tangu karne ya 16. Wenye kuijua karibuni muongeze na kusahihisha.

La kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote nitakayoandika: msianzie kwenye jumba. Wageni wengi hushuka kwenye gari, huingia vyumbani, hutazama picha na dari kwa saa mbili, halafu hutoka wamechoka. Wakifika bustanini huona maji yanarushwa juu, hupiga picha na kwenda kula. Hapo wamelipa kuona bustani bila kuiona, kwa sababu bustani hii yote ni mtambo wa maji ulioanzia mlimani nyuma ya jumba. Chemchemi zake zilijengwa kutegemea mteremko tu, bila pampu. Asiyeona maji yanakokusanyika hawezi kuelewa kwa nini kila kitu kimewekwa pale kilipo.

Kwa hiyo mpango wa siku uwe hivi. Fika asubuhi, kabla umati haujajaa. Kabla ya kuingia kwenye eneo la tiketi, panda msitu ulio nyuma ya jumba, unaitwa Stand Wood. Kutembea msituni ni bure. Njia huanzia karibu na mazizi ya zamani ya farasi na hupanda hadi Hunting Tower, mnara wa mawe wa miaka ya 1580. Mpando ni mkali, kama mita 100 kwenda juu, na sehemu nyingine ni ngazi za mawe zenye utelezi. Ukifika juu ardhi inatulia, na hapo ndipo yalipo maziwa ya kuchimbwa, Emperor Lake na Swiss Lake. Mifereji hukusanya maji ya vijito vya nyanda za juu na kuyaleta humo.

Wakati wa kushuka pitia njia ya mfereji wa juu wa matao, ulijengwa 1839. Umejengwa makusudi ufanane na gofu la Kirumi, na maji hudondoka kutoka kwenye tao la mwisho kama maporomoko. Mzunguko huu unachukua saa moja na nusu kwa mwendo wa kawaida. Halafu ndiyo uingie bustanini, uipe saa tatu hadi nne. Bustani ina ekari 105, kama hekta 42, nayo ina kupanda na kushuka. Jumba liwe la mwisho, au liache kabisa: iko tiketi ya bustani peke yake, tena ni rahisi kuliko ile ya vyote viwili.

KaziZaBomba

Mkuu umeanza vizuri, naomba niongezee upande wa ufundi maana hapo ndipo penye utamu.

Emperor Fountain, ile chemchemi kubwa iliyo kwenye bwawa refu la kusini, ilijengwa 1843 hadi 1844. Duke wa sita alitarajia kutembelewa na Tsar Nicholas wa Kwanza wa Urusi akataka kumwonyesha maji yanayoruka kuliko ya kwake. Tsar alifika Uingereza mwaka 1844 lakini Chatsworth hakukanyaga. Chemchemi ikabaki na jina lake.

Mjenzi ni Joseph Paxton, aliyeajiriwa kuwa mkuu wa bustani mwaka 1826 akiwa kijana wa miaka 22. Alichimba ziwa la ekari 8 kule juu kwa muda wa miezi sita, vibarua wakifanya kazi hadi usiku kwa mwanga wa mienge. Ziwa liko mita 107 juu ya usawa wa chemchemi. Sasa hesabu: kila mita 10 za kina cha maji ni takriban baa moja ya mgandamizo. Mita 107 zinatoa kama baa 10 na nusu. Bomba la nyumbani mjini likiwa na baa 2 au 3 unashukuru.

Kinadharia maji yangeruka mita 107 kurudi yalikotoka. Hayafiki, kwa sababu tatu. Yanasugua kuta za bomba njia nzima na kupoteza nguvu. Yanapoteza tena kwenye mdomo wa chemchemi. Na yakishatoka hewani yanapasuka kuwa matone, hewa inayazuia, na maji yanayorudi chini yanagonga yanayopanda. Rekodi yake ni futi 296, karibu mita 90. Kupoteza mita 17 tu kwa bomba la wakati ule ni kazi ya heshima kubwa.

Kuna jambo wageni hulalamikia bila kulijua: "mbona hairuki juu kama kwenye picha?" Siku za kawaida hufunguliwa sehemu tu. Ikifunguliwa yote ziwa linapungua kuliko vijito vinavyoweza kulijaza. Kukiwa na ukame hupunguzwa zaidi au hufungwa. Kukiwa na upepo mkali pia hupunguzwa, maana upepo huyachukua maji na kuwamwagia watu njiani.

Na valvu yake haifunguliwi kwa haraka. Safu ya maji ya urefu ule ndani ya bomba ina uzito wa kutisha. Ukiifungua au kuifunga ghafla unapata mshindo wa maji, ile nguvu inayorudi nyuma na kupasua maungio. Ndiyo maana ukiwahi ufunguzi utaona inapanda taratibu, inaongezeka, inaongezeka. Simama uangalie mpaka ifike mwisho wake.

Nyanya_Chungu

KaziZaBomba, kwa hiyo kule Versailles, jumba la wafalme wa Ufaransa, nako ni mteremko?

KaziZaBomba

Hapana. Versailles iko mahali ambapo maji hayakuwa ya kutosha kwa mteremko. Wakajenga mtambo wa Marly, uliomalizika 1684, kuvuta maji ya mto Seine kwa magurudumu na pampu, na bado chemchemi zote hazikuweza kuruka kwa wakati mmoja. Chatsworth ilibahatika kuwa na mlima wenye maji mgongoni. Hata umeme walifua kwa maji hayo hayo: kuanzia 1893 hadi 1936 jumba liliwashwa taa na mitambo inayozungushwa na maji ya ziwani, na mwaka 1988 ukawekwa mtambo mpya.

DadaWaMidlands

Naomba niweke habari ya usafiri, maana hapa ndipo watu hupoteza nusu siku.

Kwa treni mji wa kushukia ni Chesterfield. Kutoka London unapanda St Pancras, treni za kuelekea Sheffield, kama saa mbili kasoro. Ukiona mnara wa kanisa uliopinda na kujisokota kama pembe, umefika, huo ndio mnara wa Chesterfield. Kadi ya Oyster ya London haifanyi kazi huku. Nunua tiketi kamili. Tiketi za bei nafuu zilizonunuliwa mapema zinakubana kwenye treni ile ile uliyochagua, ukiichelewa tiketi imekufa. Mkiwa watatu hadi tisa ulizeni punguzo la kikundi, linaondoa theluthi moja ya nauli nje ya saa za msongamano.

Kutoka Chesterfield kuna basi la kwenda Bakewell linalopita Baslow. Shuka Baslow, upande wa Nether End, halafu tembea ndani ya malisho ya Chatsworth kuelekea kusini, kama kilomita mbili tambarare. Njia hii ni bora kuliko teksi, kwa sababu jumba linajifungua polepole mbele yako kama lilivyopangwa lionekane. Kondoo na kulungu wako wazi pale, usiwasogelee, hasa kulungu wakati wa Juni wakiwa na watoto na Oktoba madume yanapopigana. Kutoka Sheffield kuna basi linalopita Chatsworth kwenyewe, linachukua kama saa moja.

Onyo: ratiba za mabasi ya vijijini hubadilika, na Jumapili na sikukuu huwa machache sana. Hakikisha saa ya basi la MWISHO la kurudi kabla hujaondoka, andika kwenye karatasi. Mtandao wa simu kwenye mabonde ya Peak District hukatika.

Wenye gari: maegesho hulipiwa, hivyo soma vizuri wakati wa kununua tiketi kama yamo au hayamo. Fuata vibao vya barabarani vya rangi ya kahawia mkiwa karibu. Programu za ramani wakati mwingine huwapitisha watu malango ambayo si ya wageni. Epukeni siku za Country Fair, maonyesho ya mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, kama lengo ni bustani, barabara zile ni nyembamba na foleni ni ndefu.

Mwana_wa_Pwani

Naomba kuuliza. Tayari nina uanachama wa National Trust kwa sababu walinambia unaingia majumba ya kale bure. Hapo naingia?

MfuataMaji

Hapana ndugu, na ni vizuri umeuliza kabla. Chatsworth haimo National Trust. Inaendeshwa na Chatsworth House Trust, taasisi ya hisani inayojitegemea. Kadi yako itafanya kazi Stowe, Stourhead, Sissinghurst na nyinginezo, lakini hapa utalipa.

Lingine kuhusu malipo: kwenye tovuti za majumba haya mara nyingi utaona bei mbili, moja ikiwa juu kidogo na ina neno Gift Aid. Hiyo ni mchango ambao taasisi huuombea marejesho ya kodi serikalini. Ni kwa wanaolipa kodi ya mapato au ya faida ya mtaji Uingereza tu. Mgeni kutoka Nairobi au Dar asiichague, na si ubahili. Tamko lile halimhusu.

Nunua tiketi mtandaoni yenye saa. Bustani hufungwa majira ya baridi, kwa kawaida kuanzia mwanzoni mwa Januari hadi Machi, hivyo anayekuja Februari atakutana na lango limefungwa, ingawa malisho na Stand Wood hubaki wazi.

MkulimaWaKioo

Nimeona hakuna aliyetaja mgomba, nami siwezi kunyamaza.

Ndizi zinazouzwa kwenye maduka makubwa karibu dunia nzima zinaitwa Cavendish. Jina hilo ni la ukoo wa jumba hili. Paxton alipata mche wa mgomba mfupi uliotokea Mauritius, na kabla ya hapo China. Akaupanda ndani ya nyumba ya vioo yenye joto, udongo mzito wenye samadi nyingi na maji ya kutosha. Ukatoa ua Novemba 1835, na kufikia masika ya 1836 ulikuwa na ndizi zaidi ya mia moja. Ukapata medali kwenye maonyesho ya chama cha kilimo cha bustani London, na Paxton akaupa jina la mwajiri wake, Duke wa sita, William Spencer Cavendish. Miche yake ikapelekwa na wamisionari visiwa vya Pasifiki.

Lakini naomba tusahihishe kauli inayozagaa, kwamba kila ndizi ya Cavendish duniani imezaliwa Chatsworth. Mgomba wa Paxton ni ule mfupi. Kundi la Cavendish lina aina nyingi, pamoja na Grand Nain na Williams ambazo wakulima wengi wa Kenya hupanda kwa miche ya maabara, na kundi hilo lilikuwa likilimwa Asia kabla ya Paxton kuzaliwa. Jina ndilo lililotoka Derbyshire. Na matoke ya Bukoba na Uganda ni ukoo mwingine kabisa, wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, yasichanganywe humu.

Sasa mgeni aende wapi kuona habari hii? Kwanza kwenye nyumba ya vioo inayotumika sasa, ya mwaka 1970, yenye vyumba vya viwango tofauti vya joto. Inafunguliwa kwa wageni kwa utaratibu maalumu, si kila saa, kwa hiyo ulizia ukifika. Pili kwenye mzingile mwambiji, yaani njia za kupotezana kati ya kuta za miti. Pale penye mzingile wa miti ya yew ndipo iliposimama nyumba ya vioo kubwa kuliko zote za wakati wake, iliyojengwa 1836 hadi 1840: urefu wa mita 84, upana wa mita 37, na katikati barabara pana ya kupita magari ya farasi. Chini yake kulikuwa na matanuri manane ya kuchemsha maji, na makaa yaliletwa kwa reli ndogo ndani ya handaki ili moshi na vumbi visionekane na wageni. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia makaa yakakosekana, mimea ya joto ikafa, na mwaka 1920 jengo likalipuliwa kwa baruti. Lilikataa kuanguka mara ya kwanza. Ilibidi walipue tena. Mzingile ulipandwa 1962, miti 1,209.

Kuta za msingi bado zimesimama kuzunguka mzingile. Simama juu ya ukingo, ukadirie ukubwa wa lile jengo, ndipo uingie. Handaki la makaa nalo lipo na hupitika kwa miguu. Liko gizagiza na lina unyevu, mshike mtoto mkono.

Nyanya_Chungu

Kumbe. Nilidhani mzingile ni mchezo wa watoto tu.

MfuataMaji

Ngoja niweke njia ya ndani, maana bustani haina mstari mmoja na ramani ya mlangoni ina vitu vingi mno.

Ukishaingia, usishuke kwenye majani mbele ya jumba. Panda kushoto kuelekea Cascade. Hiyo ni ngazi ya maji iliyoanzishwa 1696 na Grillet, Mfaransa aliyekuwa mwanafunzi wa Le Nôtre, mbunifu wa bustani za Versailles. Ina makundi 24 ya ngazi, na kila kundi limejengwa tofauti kidogo kwa idadi na kina cha vidato. Makusudi yake ni sauti. Tembea kando yake kutoka juu kwenda chini ukisikiliza. Mlio hubadilika kila baada ya hatua chache. Juu kabisa ni Cascade House ya 1703, kibanda cha mawe ambacho maji humwagika hata kutoka paani. Na maji yakifika chini ya ngazi hayaishii hapo. Huingia bomba la chini ya ardhi, hutokea tena kwenye chemchemi ya farasi wa baharini mbele ya jumba, kisha upande wa magharibi, kisha mtoni Derwent. Maji yale yale hufanya kazi mara tatu.

Tahadhari kubwa: Cascade ina zaidi ya miaka 300, imekuwa ikivuja, na inahitaji ukarabati mkubwa. Kuna vipindi haina maji kabisa. Angalia matangazo ya tovuti yao wiki ile ile unayokwenda. Ikiwa kavu bado panda, maana mawe yakiwa makavu ndipo unaona tofauti za vidato vyenyewe.

Kutoka Cascade House fuata njia ya juu ya miti kwenda kusini. Wengi hukata njia hapa wakashuka, wakakosa kijito cha samaki, vichaka, na sehemu mpya za upanzi walizochora wabunifu wa kisasa, akiwemo Dan Pearson na Tom Stuart-Smith. Njia hiyo inakuleta kwenye majabali ya Paxton, kazi iliyoanza 1842. Alipanga mawe makubwa kuigiza milima. Jabali kubwa, Wellington Rock, lina kimo cha kama mita 14, na maji hutiririka usoni mwake. Wakati wa baridi kali hugeuka barafu inayoning'inia.

Hapo shuka mzingileni, kisha hadi ncha ya KUSINI ya lile bwawa refu. Bwawa ni la 1702 na lina mita 287. Msisimame karibu na chemchemi, nendeni mwisho kabisa halafu geukeni. Kutoka ncha ile jumba linaonekana kama linaelea juu ya maji, na chemchemi inapanda mbele yake. Hiyo ndiyo picha.

LenziYaMzizima

Nakazia hapo kwa wapiga picha. Sisi wa karibu na Ikweta tumezoea jua la utosini, linalohama kaskazini na kusini kwa msimu. Uingereza jua la mchana siku zote liko upande wa kusini. Ukisimama ncha ya kusini ya bwawa ukitazama kaskazini, jua la mchana liko mgongoni mwako na ukuta wa jumba umemulikwa vizuri. Kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana ndiyo muda wake. Desemba jua ni la chini sana hata adhuhuri, na kufikia saa kumi jioni giza limeingia. Juni mwanga upo hadi saa tatu na nusu usiku, ila bustani hufungwa mapema kuliko hapo.

Ukitaka upinde wa mvua kwenye chemchemi, jua liwe nyuma yako na sio juu sana, kwa hiyo asubuhi au alasiri, ukiwa upande wa jua. Beba kitambaa kikavu cha kufutia lenzi, matone hufika mbali kuliko unavyodhani. Ndege zisizo na rubani haziruhusiwi. Picha za kumbukumbu ni ruksa. Za biashara na za harusi zinahitaji kibali.

Bi_Kizimkazi

Shukrani kwa maelezo. Naomba kuuliza kuhusu wazee. Kuna mama wa miaka 74, magoti yana shida, atatumia kiti cha magurudumu. Je, anafaidi chochote au ni kupanda tu?

DadaWaMidlands

Shikamoo Bi Kizimkazi. Anafaidi, ila njia iwe nyingine. Stand Wood aiache. Majabali na Cascade House navyo ni vigumu. Njia za juu zina mteremko, na kokoto laini huzamisha magurudumu madogo ya mbele. Kinachofaa ni usawa wa chini: uwanja wa majani wa Salisbury, chemchemi ya farasi wa baharini, njia ya kando ya bwawa refu, bustani ya waridi, na nyumba ya mimea ya Duke wa kwanza ya 1698. Hapo peke yake kuna saa mbili nzuri.

Viti vya magurudumu na vigari vya umeme huwa wanaazima, lakini ni vichache. Piga simu mapema na uweke nafasi. Kuna pia kigari cha kuzungusha wageni bustanini kwa malipo, chenye dereva anayeeleza, nacho hufika sehemu za juu ambazo kiti hakifiki. Kwa mama huyo ningeanza na kigari hicho, halafu apumzike ukingoni mwa bwawa. Aje na kiti chenye magurudumu makubwa ya nyuma kama kipo. Na anayemsukuma awe na nguvu, kwa sababu hata njia iitwayo tambarare ina mwinuko mdogo wa muda mrefu.

MkulimaWaKioo

Kuhusu majani ya Salisbury aliyotaja dada: yatazameni kwa karibu. Tangu karne ya 18, Capability Brown alipobadilisha mandhari ya mahali hapa, majani yale hayajatiwa mbolea wala dawa ya kuua magugu. Yanakatwa tu. Matokeo yake ni kwamba hakuna mmea mmoja unaotawala, na ukipiga magoti utaona aina nyingi za maua madogo, nyasi na moss (mimea midogo laini ya kijani) katika eneo la mkeka mmoja. Mkulima yeyote anajua ukiweka mbolea nyasi kali zinameza nyingine. Hapa udongo umeachwa na njaa makusudi.

Msimu: dafodili ni Machi mwishoni na Aprili. Rododendroni ni Mei hadi mwanzo wa Juni. Waridi ni mwisho wa Juni na Julai. Rangi za majani ya vuli ni katikati ya Oktoba hadi mwanzo wa Novemba, na binafsi naona huo ndio wakati bora wa Stand Wood. Agosti ni mwezi wa watu wengi.

Machi na Aprili pia angalieni ukuta wa vioo unaopanda mlima kuelekea mazizi. Una kamelia zilizopandwa 1850. Kamelia ni ndugu wa damu wa mchai, anayeijua Kericho au Mufindi atautambua ule ung'avu wa jani. Ukuta ule wa matofali hunywa joto la jua mchana na kulitoa usiku, na zamani ulipashwa kwa moto ndani yake. Kamelia yenyewe huvumilia baridi, ila ua lililoganda likipigwa na jua la asubuhi ghafla hugeuka kahawia. Vioo vinalizuia hilo.

Mwana_wa_Pwani

Wanauza miche na mbegu. Naweza kubeba nyumbani?

MkulimaWaKioo

Usibebe hivi hivi. Mimea, vikonyo, mbegu na hasa chochote chenye udongo kinahitaji kibali cha kuingiza kutoka nchi unayokwenda KABLA ya kununua, halafu cheti cha afya ya mimea kutoka Uingereza. Kenya kibali ni cha KEPHIS, Tanzania ni TPHPA, mamlaka za afya ya mimea. Bila karatasi hizo vitachukuliwa uwanjani na kuteketezwa, na ni haki: mdudu mmoja kwenye udongo wa kopo anaweza kumaliza mashamba ya watu. Usikate pia kipande bustanini ukakitia mfukoni. Andika jina la kisayansi lililo kwenye kibao cha mmea, ukatafute mche kwa muuzaji aliyesajiliwa nyumbani. Na nyingi hazitakubali joto la Pwani, rododendroni na dafodili zinahitaji baridi.

Nyanya_Chungu

Watoto je? Na nguo?

DadaWaMidlands

Watoto wapewe mti wa shaba. Uko kwenye kivuli karibu na majabali, unafanana na mti wa kawaida wa willow, na matawi yake hurusha maji bila taarifa. Wazo lake ni la miaka ya 1690, uliopo sasa ni mrithi wa ule wa kwanza. Beba nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto.

Mkubwa avae viatu vyenye soli ya kushika, si raba laini wala viatu vya harusi. Mawe ya majabali huwa na ute wa kijani hata wakati wa kiangazi. Koti la mvua lenye kofia ni bora kuliko mwavuli, juu kule upepo unaugeuza. Mnaotoka Dar mwezi Mei, msidanganywe na jua la dirishani: asubuhi yaweza kuwa nyuzi 7 au 8, mchana 17. Nguo tatu nyepesi za kuvaliana hufaa kuliko koti moja zito.

Chakula mnaweza kubeba mkala majanini. Mbwa wanaruhusiwa bustanini wakiwa na kamba fupi, wasiopenda mbwa mjue hilo.

Mwana_wa_Pwani

Swali la mwisho. Nina saa tatu tu jumla, basi linarudi saa tisa. Niache nini?

MfuataMaji

Acha jumba na acha Stand Wood. Ingia moja kwa moja, panda Cascade upande wa kushoto, dakika 30. Njia ya juu hadi majabali, dakika 40. Mzingile uutazame kutoka ukingoni bila kuingia, dakika 15, maana ukiingia huna uhakika wa kutoka kwa wakati. Shuka ncha ya kusini ya bwawa, kaa nusu saa. Rudi kando ya maji hadi chemchemi ya farasi wa baharini, ukumbuke yale maji yametoka kwenye Cascade uliyopanda. Zinabaki dakika kama 50 za choo, chakula na kutembea hadi kituoni. Kituoni uwe umefika dakika 15 kabla; basi la pale likipita halirudi.